Busega ina ziwa na mvua, haina pa kusimamisha hema

Ijumaa jioni mwezi wa Aprili, njia panda ya Lamadi, wilayani Busega, hujaa kila aina ya chombo: mabasi ya Mwanza na Musoma, malori ya ng'ombe, bodaboda zenye miavuli, na siku hizi Noah moja au mbili zenye vijana sita, jiko la gesi, dumu la maji na mahema yaliyofungwa juu ya paa. Wametoka Bariadi, Maswa au Shinyanga baada ya saa za kazi. Ziwa liko karibu, wingu limeshatanda, na swali lao ni dogo tu: hema tunasimamisha wapi? Dereva wa boda atawaelekeza gesti. Muuza samaki atawaelekeza mwaloni, palipoanikwa nyavu na dagaa. Mlinzi wa loji atawatajia bei ya chumba. Mwenyekiti wa kitongoji, akipatikana, atataka kwanza kujua wao ni akina nani na wametumwa na nani kuja kukagua ardhi. Giza likiingia na mvua ikianza kumwagika, gari hugeuzwa kuelekea Mwanza, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya Busega huenda kulipia vyumba vya huko.

Ni rahisi kulicheka tatizo hili. Mkoa unaohangaika na bei ya pamba, ukame na madawati una haja gani ya kujadili mahema ya vijana wanaotembea na marafiki zao? Lakini ukilifuatilia swali la hema, unajikuta ndani ya masuala mazito zaidi: nani ana haki ya kukaa kando ya ziwa, sheria inaruhusu nini pale, na kwa nini wilaya iliyopakana na ziwa kubwa kuliko yote Afrika hupata sehemu ndogo sana ya fedha ya msafiri anayeipita. Makala haya yanatetea jambo moja. Simiyu haihitaji kumsubiri mwekezaji wa hoteli kubwa. Inahitaji uwanja mmoja wa kambi wa umma, uliobuniwa kwa ajili ya mvua na si kwa kuikimbia, ulio chini ya kijiji na halmashauri, na wavuvi wakiwa na sehemu yao ya mapato iliyoandikwa.

Lami imefika, kituo hakuna

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga. Busega yenyewe ilitoka Magu, mkoani Mwanza, na ndiyo wilaya pekee kati ya tano za mkoa inayogusa Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni nchi ya pamba, mifugo na mbuga. Ndiyo maana katika fikra za mkoa ziwa limekaa kama tanki: mahali pa kuvutia maji kuyapeleka kwa wenye kiu. Fikra hiyo haina ubaya. Mradi mkubwa wa kuyafikisha maji ya ziwa katika wilaya za Simiyu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na Ujerumani, ni jambo la uhai kwa watu zaidi ya milioni 2 waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Ila ufukwe una kazi zaidi ya ile ya kuweka pampu.

Wakati huohuo barabara zimebadilika kwa kasi. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi, takriban kilometa 72, ni ya lami. Ile ya Mwigumbi, Maswa hadi Bariadi nayo ni ya lami, kwa hiyo anayetoka Dodoma au Dar es Salaam anaweza kupitia Shinyanga, akakata Simiyu yote na kutokea ziwani bila kukanyaga vumbi. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3, na msafiri wa Geita au Bukoba akaacha kupanga siku yake kwa ratiba ya kivuko. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko mwendo mfupi kutoka Lamadi, kwenye barabara hiyohiyo ya Musoma. Ni vigumu kupata mahali pengine Kanda ya Ziwa ambapo hifadhi, ziwa na barabara kuu vimesogeleana kiasi hiki.

Wasafiri wapo. Takwimu za serikali kwa mwaka 2024 zinaonyesha watalii wa ndani zaidi ya milioni 3.2 dhidi ya wageni wa nje zaidi ya milioni 2.1. Hesabu hiyo haituambii wangapi walilala walikokwenda na wangapi waliingia asubuhi wakatoka jioni, na hapo ndipo penye fedha. Anayepita hununua soda na samaki wa kukaanga. Anayelala hununua chakula cha jioni, kuni, mkaa, vocha, supu ya asubuhi na huduma ya fundi wa tairi.

Likizo zetu ziko ndani ya mvua

Jibu la kwanza la wenye shaka ni hali ya hewa. Kwa nini mtu akalale kwenye hema wakati wa masika? Asubiri Juni. Ushauri huu una busara usoni, lakini fungua kalenda ya mfanyakazi wa Tanzania uone unamaanisha nini. Siku ya Karume ni Aprili 7. Pasaka huangukia Machi au Aprili. Muungano ni Aprili 26, Mei Mosi inafuata baada ya siku chache. Hayo yote ni masika. Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, hufungua vuli, na Uhuru wa Desemba 9 pamoja na Krismasi humo humo. Kiangazi kimeachiwa Saba Saba na Nane Nane. Kwa maneno mengine, mtumishi wa hospitali ya Bariadi au karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, ambaye mapumziko yake marefu ni yale aliyogawiwa na kalenda ya taifa, hana namna ya kusafiri na wenzake bila kukutana na mvua. Utalii wa kiangazi pekee ni utalii wa mgeni anayechagua mwezi wake.

> Utalii wa kiangazi pekee ni utalii wa mgeni anayechagua mwezi wake.

Tena mvua ya ziwa hili ina tabia inayojulikana. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu hujengeka bara. Ngurumo za alasiri na jioni ni za nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo za pande zote hukutana katikati ya maji na dhoruba hulipuka huko hadi alfajiri. Kwa kuwa upepo mkuu hutoka mashariki, mvua hiyo husukumwa upande wa magharibi. Hii ndiyo sababu Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, huku ufukwe wa Musoma na Ghuba ya Speke ukipata karibu nusu ya hapo au pungufu. Ufukwe wa Busega, kwa hiyo, una mvua za kutosha kumlowesha asiyejiandaa, lakini uko upande mwema wa ziwa. Anayesimamisha hema kabla ya saa 9 alasiri, akapika mapema na kukaza kamba zake, hajafanya ushujaa wowote; amesoma saa tu.

Kuna hoja nyingine inayoupendelea ufukwe kipindi hiki. Nyumbu wa Serengeti huingia Ukanda wa Magharibi, ule unaonyooka kuelekea Ndabaka, kati ya mwezi Mei na Julai, masika yakiwa yanaishia. Ukanda huo una udongo mweusi wa mbuga, na kila Msukuma aliyewahi kukwamua mkokoteni anajua udongo ule hugeuka kuwa kitu gani ukishiba maji. Noah haiendi. Hata gari la magurudumu manne huomba msaada. Kambi iliyo nje ya hifadhi, karibu na lami, humwezesha msafiri mwenye gari la kawaida kulala salama, kuamka, na kukodi gari linalofaa kwa saa chache za ndani ya lango. Hiyo ni biashara ya mtu wa Lamadi mwenye Land Cruiser, siyo ya kampuni ya mbali.

Mita 60 zinazolipendelea turubai

Hoja yenye nguvu zaidi haitoki kwenye utalii wala hali ya hewa. Inatoka kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi ya umbali huo miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Wengi wameichukua mita 60 kama ukuta: hapa hapajengwi, basi hapafai kitu. Matokeo yake tunayafahamu. Panapoachwa bila mwenyewe hugeuka jalala, choo cha wazi, au kiwanja cha mwenye fedha anayejenga usiku na kuomba radhi baadaye.

Lakini neno linalobeba uzito mle ndani ni «kudumu». Hema huja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Vyoo, bafu, jiko la pamoja na banda la mlinzi vinaweza kujengwa nyuma ya mstari, na eneo la mbele likabaki majani, miti na nafasi zilizopewa namba. Huu si ujanja wa kukwepa sheria. Ni matumizi yanayotimiza kusudi lake, kwa kuwa eneo lenye mtu anayelitazama kila siku halivamiwi kirahisi.

Ziwa lenyewe limekuwa likituhubiria jambo hili. Mei 1964 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tena kwa zaidi ya nusu karne, mpaka Mei 2020, na mwaka 2024 yakapanda tena. Nyumba, hoteli na mialo kuzunguka Uganda, Kenya na Tanzania viliingiliwa na maji. Hoteli ya mabilioni ikizingirwa huwa hasara ya miaka. Uwanja wa kambi ukizingirwa, hema husogezwa nyuma na kibao cha «pamefungwa» hutundikwa hadi maji yarudi. Katika ufukwe unaopanda na kushuka namna hii, kitu chepesi ndicho kinachodumu.

> Hoteli ikizingirwa na maji huwa hasara ya miaka. Hema husogezwa nyuma.

Nani alale kwenye hema?

Pingamizi la pili ni la kitamaduni, na husemwa kwa kicheko: Mtanzania aliyetoka kwenye nyumba ya nyasi juzi hawezi kulipa fedha arudi kulala chini. Hema ni jambo la Wazungu. Anayesema hivi amesahau historia ya kwao. Misafara ya Wasukuma kwenda kuchukua chumvi Ziwa Eyasi ilipita nyika yenye simba kwa siku nyingi, vijana kwa makundi yenye kiongozi, masharti na zamu za moto. Kwenda pamoja, kulala porini na kurudi na simulizi lilikuwa jambo la heshima Usukumani kabla turubai la nailoni halijafika.

Hata leo, waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato hufanya makambi kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye waumini wengi. Familia nzima huhamia uwanjani kwa siku kadhaa. Vyoo huchimbwa, jiko la pamoja huwekwa, zamu za ulinzi hupangwa na wageni huandikwa majina. Skauti nao wana kambi zao. Ni kweli kwamba makambi mengi huwekwa kiangazi, na mtu aliyekuja kusali hafanani moja kwa moja na mtu aliyekuja kuchoma sato na kupiga gumzo. Hata hivyo ujuzi ni uleule, na upo Busega na Bariadi tayari. Anayetafuta meneja wa uwanja wa kambi hahitaji kumtoa Arusha.

Gharama nayo haiwi kikwazo kikubwa. Tuchukue mfano tu: watu 8 wakitozwa shilingi 5,000 kila mmoja kwa usiku, ni 40,000, pungufu ya kukodi vyumba vinne kwenye gesti nyingi. Mchele, michembe, samaki wa pale pale na chandarua kila mtu chake. Loji na kambi binafsi zilizopo kando ya barabara ile hazitapoteza mteja kwa hilo, maana kundi hili halikuwa mteja wao.

Mamba, kichocho na radi

Hatari za kweli zipo na hazitaki kufunikwa. Viboko hutoka majini usiku kula majani na huweza kwenda mbali kuliko mita 60. Mamba wapo. Tembo wa Serengeti huvuka hadi mashambani. Hapa jibu haliwezi kuwa «tuwe waangalifu». Jibu ni kuchagua mahali, na kukubali kwamba fukwe nyingine zifutwe kabisa kwenye orodha. Ukanda ulio jirani na hifadhi hauna nafasi ya kambi ya wikendi. Huko wanyama wana safari yao ya kwenda kunywa maji. Eneo la kutafutwa ni upande wa Nyashimo, kusini mwa Lamadi, palipo na vijiji, taa na watu, baada ya maofisa wanyamapori kulitembelea na kutoa kauli ya maandishi.

Kichocho kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu watu hukitumia kama sababu ya kufunga mjadala. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana na ugonjwa huu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye magugu na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota. Kwa hiyo kambi iweke kanuni isiyo na mjadala: kuogelea hapana, maji ya matumizi ni ya bomba. Lamadi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa, pamoja na Magu na Misungwi, katika mradi wa maji wa Ziwa Victoria uliofadhiliwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, hivyo bomba si ndoto upande huu. Jambo linalosahaulika ni kwamba mzunguko wa kichocho hukamilika pale kinyesi au mkojo wa binadamu unapoingia ziwani. Vijana wanaopiga kambi kiholela vichakani, pasipo choo, wanauongeza. Uwanja wenye vyoo imara, ambavyo mvuvi na mama muuza dagaa nao wanaruhusiwa kuvitumia bure, unaupunguza. Pingamizi la afya, likifuatwa hadi mwisho wake, linageuka kuwa sababu ya kujenga.

Radi nayo. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, na hema chini ya mti mmoja mrefu ufukweni ni mahali pabaya kuliko pote. Banda moja la matofali lenye paa, linalotosha kila aliyelala uwanjani, na mlinzi anayefuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na mwenye mamlaka ya kuwaamsha watu saa 8 usiku waingie ndani, vinamaliza sehemu kubwa ya hatari hiyo. Hakuna mtu anayefanya kazi hiyo kwa vijana waliojificha kichakani leo.

Wenye mwalo

Pingamizi gumu kuliko yote ni la wavuvi, na wapangaji wa utalii hulisikiliza mwisho. Mwalo ni mahali pa kazi. Pale ndipo mitumbwi hupakiwa, dagaa huanikwa, nyavu hushonwa na deni hulipwa. Mvuvi akimwona mgeni anapima hatua ufukweni, anakumbuka Nyatwali. Katika kata hiyo ya Bunda, upande wa pili wa mpaka wa mkoa, serikali iliamua kuwahamisha wakazi kwa fidia ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Mtu anaweza kuitetea sababu ya uhifadhi na bado akaelewa somo alilojifunza jirani: ardhi ya kando ya ziwa ikianza kuzungumzwa na wakubwa, anza kufunga mizigo. Leo ni mahema, kesho ni uzio, keshokutwa ni kibao cha «hairuhusiwi kupita».

Hofu hiyo haitaondolewa kwa semina. Itaondolewa, kama itaondolewa, kwa jinsi uwanja utakavyomilikiwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo kisheria kwenye mialo na vina uzoefu wa kuandikisha mitumbwi, kufanya doria na kutunza daftari. Dunga, jirani na jiji la Kisumu, wavuvi wa kikundi kama hicho na waongoza wageni wamekaa mwalo mmoja kwa miaka, samaki wakishushwa upande huu na wageni wakipanda mtumbwi upande ule. Haikuondoa umaskini Dunga, na hakuna anayepaswa kuiahidi Busega hivyo. Ila ilionyesha kwamba mgeni anaweza kuongezwa bila mvuvi kuondolewa.

Kwa Busega utaratibu unaweza kuwa huu: uwanja ukae pembeni ya mwalo na si juu yake, ada ikusanywe kwa mashine ya halmashauri, na mgawo wa kijiji na BMU uandikwe kwenye sheria ndogo kabla hema la kwanza halijasimama, na ulinzi, usafi na uuzaji wa samaki na kuni viwe vya wakazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kwanza idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi. Huo ndio mlango wa kuanzia, na siyo ofisi ya mkoa Bariadi wala wizarani Dodoma. Wakazi wakikataa, watafutwe wa kijiji kingine. Wakikubali kwa sharti kwamba njia ya mitumbwi haifungwi na kwamba hakuna jengo la kudumu litakaloongezwa mbele ya mstari wa mita 60, sharti hilo liingie kwenye muhtasari wa mkutano, lipigwe muhuri, na nakala ibandikwe kwenye banda la mwalo ambapo kila mtu ataisoma.